Nikisoma kitabu cha ufeministi nikakiandikia rivyu, kwanza nakiuliza: huyu mwanamke anaishi kwa kazi gani?

Khalati yangu, dadake mama, hapa Mkomani, Lamu, anashona kofia, na mimi nikipata riwaya mpya huwa nachukua mkeka nikakaa nae pale msana, ukumbi unaotazama ua, palipo na mwanga, baada ya Alasiri, nikamsomea. Vitabu vingi vinavyotuhusu sisi watu wa visiwani vimeandikwa kwa Kizungu na yeye Kizungu hakukisoma, kwa hivo natafsiri kwa mdomo papo hapo, sentensi kwa sentensi. Siku moja nilikuwa namsomea The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ile iliyotoka 2019, hadithi ya Ayaana, mtoto wa kike wa kisiwa cha Pate, nikafika pale anapojificha kwenye mikoko anaiangalia bahari, anamngoja baba asiemjua. Sindano ikasimama hapo hapo kwenye kitambaa. "Na mamake huwalisha na nini?"

Nikakwama. Rivyu nilikuwa nimeshaiandika nusu kichwani, yote ni Uchina na mabaharia wa Zheng He, yule nahodha mkuu wa Uchina ya zamani, na siasa za dunia, na kumbe sijajiuliza chungu cha Munira, mamake Ayaana, kinatelekwaje. Ikabidi nirudi nyuma nimsome upya, huyu mama ambae kisiwa kizima kinamsema na bado wanawake wanamjia awarembe, na ndipo nikaona riwaya imebebwa na mikono yake, si na jahazi za Mchina.

Toka siku hiyo hilo ndio swali langu la kwanza kwa kitabu chochote kinachoitwa cha ufeministi. Mwanamke anafanya nini kutwa, pesa inaingia vipi, ufunguo wa kabati uko kwa nani. Nimesoma riwaya nyingi sana ambazo mwanamke ameletwa apigwe tu sura kumi, alafu sura ya mwisho asimame atoe hotuba, na katikati hujui hata anapika nini. Kwangu hicho ni kitabu dhaifu hata kama nakubaliana na kila neno la ile hotuba. Mateso peke yake hayamfanyi mtu awe mtu.

Na hapa lazima nimtaje Mwana Kupona, mshairi wetu wa zamani, manake huku kwetu kila mjadala wa wanawake na vitabu unaishia kwake. Aliutunga utendi wake 1858 kwa ajili ya bintie, Mwana Hashima, na yeye alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, yule aliepigana na Sultani wa Zanzibar. Wasomaji wengi wa leo wanautupa, wanasema ni kitabu cha kumfunza mke kumnyenyekea mume, na kweli hizo beti zimo, sitazificha. Lakini angalieni anavoanza: mama yuko mgonjwa, mwaka mzima maradhi yamemshika, anamwita bintie aje akae karibu na wino na karatasi. Wino na karatasi! Mwaka 1858, mtoto wa kike anaambiwa akae aandike. Alafu huko mwishoni anawahimiza wanawake wenziwe wausome wauelewe. Mtu akiniandikia rivyu ya utendi huu akanitajia utiifu asinitajie wino, nitamwambia hajamaliza kusoma.

Jicho hilo hilo ndilo nililolitumia kwa The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, ilitoka 2021 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin. Babake Aisha ni mvuvi, amekwenda baharini hakurudi, binti anapanda chombo cha mifupa na paka anaesema, anamfuata. Ukisoma haraka utasema ni hadithi ya majini tu. Lakini mvutano mkali kwangu uko nyumbani, kwa bibi anaetaka mjukuu aolewe, na uzuri wa mwandishi ni kuwa yule bibi hakumfanya shetani. Anaogopa. Bahari ishamnyima mengi. Khalati alikaa upande wa bibi mpaka mwisho na hatujapatana mpaka leo, na mi naona kitabu kinachoweza kuwagombanisha watu wawili wanaopendana kwa haki kabisa ni kitabu kizuri.

Vile visivyo riwaya navisoma kinyume, naanza na faharasa ya mwisho. Chukua vile vinavyohusu miradi mikubwa kama bandari yetu ya Lamu: 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, gati la kwanza likafunguliwa 2021, na ukisoma hizi habari "mvuvi" siku zote ni mwanamume mwenye mashua. Anaenunua yule samaki pale ufuoni akamkaanga akamuuza jioni yuko wapi? Mtaji wake ni ule ule samaki, akikosekana biashara imekufa. Nikiikagua faharasa nikaona mawaziri kumi na mwanamke hata mmoja hamna, nalisema hilo kwenye aya ya kwanza, siliweki chini kama kasoro ndogo.

Jambo jengine ni lugha. Kuna neno la Kizungu wasomi wanalipenda sana la kusema mtu ana uwezo wa kujiamulia mambo yake, na kila nikilikuta nilikuwa nazunguka maneno mengi kulieleza. Khalati akanikata: "Yaani ana kauli." Basi. Sasa nikikuta ukurasa mzima wa nadharia naujaribu kwake, nikiweza kuueleza akaelewa bila mi kuruka kitu basi mwandishi anajua anachosema, na nikishindwa naurudia peke yangu usiku mara ya pili na ya tatu, manake pengine kosa ni langu. Mara nyingi lakini nakuta chini ya yale maneno hamna kitu.

Kofia ya siku ile ya Ayaana ishakwisha na ishauzwa. Juzi kaanza nyengine, akaniuliza kama huyu mwanamke wa kitabu kipya anajua kuogelea.