Tiba ya muziki kwa mkono uliopooza: maana yake hasa ni nini?

Ukitaja tiba ya muziki, wengi hupata picha ya mgonjwa kitandani, redio pembeni, nyimbo za taratibu zikimtuliza. Hiyo nayo ipo na ina kazi yake. Huko Helsinki, Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza kila siku muziki wanaoupenda, kwa miezi miwili ya mwanzo, walirudisha kumbukumbu ya maneno na umakini vizuri kuliko wenzao. Ila kusikiliza hakukunjui kidole kilichokaza. Katika tiba tunayoizungumzia hapa mgonjwa ndiye mpigaji, na anapiga kwa mkono uleule uliogoma.

Kwanza tujue kwa nini mkono hugoma. Kiharusi hutokea mshipa wa damu kwenye ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu iliyokosa damu ikafa. Mkono wenyewe hauna kosa: mifupa ipo, misuli ipo, kucha zinaendelea kukua. Kilichokatika ni amri kutoka upande wa pili wa ubongo, kwa maana kushoto huongoza mkono wa kulia na kulia huongoza wa kushoto. Mara nyingi hata habari za kurudi hukatika. Mtu anashika kikombe cha chai, na asipokitazama hajui kama amekishika au kinateleza.

Halafu kuna tatizo la pili, ambalo ndugu na jamaa huchangia kwa nia njema kabisa. Mkono mzima huchukua kazi zote, na ule mgonjwa hukaa mapajani kama mgeni. Anayehudumia anafunga vifungo vya shati, anakata nyama, anachana nywele. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alionyesha kuwa mtu anaweza kujifunza kutotumia kiungo, hata uwezo fulani ukiwa umesharudi. Ubongo nao huwapa nafasi wanaofanya kazi. Kiungo kinachotumika mara elfu hupata njia mpya za kupitishia amri, na kisichotumika hupoteza hata zile kidogo zilizobaki.

Kwa hiyo dawa inajulikana tangu zamani: kurudia. Tatizo la kurudia ni kwamba kunachosha roho. Mpe mtu mzima, aliyekuwa akiendesha biashara yake, vijiti tisa avipachike kwenye matundu tisa, avitoe, avipachike tena, kesho vilevile. Siku ya nne atasema kichwa kinamuuma.

Hapo ndipo Wajerumani walipoingia na kinanda. Eckart Altenmüller, daktari wa neva wa mjini Hannover ambaye pia ni mpiga filimbi, alijiunga na wenzake akiwemo Sabine Schneider, na mwaka 2007 wakachapisha jaribio lao. Wagonjwa 20 walipewa tiba ya kupiga ala juu ya matibabu yao ya kawaida: nusu saa kila mara, mara 15 ndani ya wiki tatu. Wengine 20 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Hawakuwa wanamuziki, sharti lilikuwa mtu asiwe na uzoefu wa kupiga ala.

Vifaa vyenyewe vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kinanda cha umeme kilichoachiwa vitufe vinane tu vyeupe. Mtu wa kwaya angevihesabu kuanzia so ya chini hadi so ya juu. Hicho ni cha vidole. Cha pili ni vigoma vinane vya umeme, vilivyopangwa kumzunguka mgonjwa, ambavyo ukivigonga havitoi mlio wa ngoma bali sauti za kinanda. Hivyo ni vya bega, kiwiko na kifundo cha mkono.

Mkufunzi hukaa karibu, anapiga kwanza, mgonjwa anarudia. Mwanzo ni sauti moja, kwa kidole cha shahada. Kikiweza, sauti mbili, kisha tatu zinazofuatana, kisha zisizofuatana. Baadaye huja vipande vya nyimbo za watoto na za kienyeji ambazo mgonjwa anazijua tangu utotoni, sauti tano hadi nane. Kidole cha pete ndicho msumbufu. Hata kwa mzima hakipendi kunyanyuka peke yake, sembuse kwa aliyepata kiharusi. Wimbo unakwenda vizuri, unafika kwenye sauti yake, kimya. Kidole kimegusa kitufe bila kukizamisha. Mgonjwa anajua amekosa kabla mkufunzi hajafungua mdomo, kwa sababu wimbo anaujua na pengo amelisikia. Anarudi mwanzo wa mstari bila kuambiwa. Ukimhesabia, kidole hicho kimeshashuka mara arobaini, na yeye anadhani anatafuta wimbo.

Mwisho wa wiki tatu, waliopiga ala walikuwa wamesonga mbele kwa kasi, wepesi na ulaini wa mwendo wa mkono kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida.

Maelezo yaliyotolewa yalikuwa mazuri: sikio linakuwa jicho la mkono. Kama ngozi na viungo haviripoti vizuri, sauti inaripoti badala yake. Umebonyeza kwa nguvu, sauti kubwa. Umechelewa, mdundo umevunjika. Tena ilishajulikana kuwa mtu akijifunza kinanda, sehemu za ubongo za kusikia na za kusogeza mkono huanza kuamshana, hata kufikia hatua ya sauti peke yake kuamsha sehemu ya mkono.

Msomaji makini hapo atauliza swali moja: wale 20 wa muziki si walipata saa za ziada? Ndiyo, walipata. Ukimpa mtu mazoezi zaidi akapona zaidi, utajuaje ni kinanda au ni zile saa? Watafiti wa Barcelona, Hispania, walilichukulia swali hilo kwa uzito. Mwaka 2018 Jennifer Grau-Sánchez na wenzake walichapisha jaribio ambalo makundi yote mawili yalipewa muda sawa wa ziada, moja kwa ala na jingine kwa mazoezi ya kawaida. Makundi yote yalipata nafuu ya mkono, na la muziki halikulizidi lile jingine.

Likaja na jambo la ajabu zaidi, safari hii kutoka upande wa Altenmüller mwenyewe. Floris van Vugt na wenzake walichezea kinanda: kwa kundi moja, sauti ilikuja papo hapo, kwa kundi la pili, ilichelewa kidogo baada ya kubonyeza, na kila mara kwa kiasi tofauti. Kama siri yote ni sikio kuusahihisha mkono, kundi la pili lilipaswa kushindwa. Halikushindwa. Kwenye kipimo cha kupachika vijiti tisa matunduni ndilo lililofanya vizuri zaidi.

Mimi matokeo hayo siyasomi kama kashfa kwa muziki. Nayasoma kuwa tulikuwa tunautafuta uponyaji mahali pasipo. Sauti huenda haimrekebishi mgonjwa kwa kiasi tulichodhani, lakini inamrudisha kwenye kiti. Mtu anayetoka mazoezini akiimba kile kipande alichokosea, kesho yake hahitaji kubembelezwa. Huko Irvine, California, walifuata mkondo huohuo wakatengeneza glavu iitwayo MusicGlove. Mvaaji hugusanisha kidole gumba na ncha za vidole vingine kufuata nyimbo kwenye skrini. Hakuna ala ya kweli hapo, wala haihitajiki.

Tiba hii si ya kila mkono. Katika jaribio la 2007 walichukuliwa wagonjwa walioweza kusogeza mkono na kidole cha shahada bila kusaidiwa na mkono mzima. Mkono uliolegea kabisa, usio na hata dalili ya kutikisika, huanzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na kinanda kisubiri. Isichanganywe pia na tiba ya kuimba kwa waliopoteza usemi, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, baada ya kukubaliana na mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kazi anayemhudumia, kinanda kidogo cha betri kinatosha kuanzia, mradi vitufe visiwe vyembamba kama vya midoli. Chagua wimbo ambao mgonjwa anaujua mwenyewe, uwe wa kanisani, wa shuleni au kasida. Vipindi viwe vifupi, na mkono ukianza kukaza au kuuma, simama. Mkono mzima ukae chini ya meza, maana utataka kusaidia. Na anayesimamia asitazame vidole tu, atazame bega. Kidole kikichoka, bega hupanda na kuushusha mkono wote kama nyundo. Sauti itatoka vizuri kabisa na mgonjwa atafurahi, ilhali kidole hakijafanya kitu.