Je, wajua kwa nini mbegu ya nyanya huota kwenye changarawe ya volkano isiyo na rutuba?

Chukua ile changarawe nyepesi ya volkano, nyeusi au nyekundu, inayomwagwa kwenye viingilio vya nyumba Arusha ili tope la masika lisifike mlangoni. Ioshe, ijaze kwenye kopo la majarini lililotobolewa chini, fukia mbegu 20 za nyanya, weka kopo juu ya friji. Baada ya wiki moja hivi utaona shingo za kijani zilizojikunja zikichomoza kati ya vijiwe. Hakuna samadi humo, hakuna mbolea, na udongo wenyewe haupo. Zimekula nini?

Zimekula akiba yao. Mbegu ya nyanya ina uzito wa miligramu 3 hivi (gramu moja hutoa mbegu kama 300), lakini ndani yake kuna chakula cha kuifikisha hadi itoe mzizi, shina na majani mawili ya mwanzo. Hadi hapo mbolea haiisaidii chochote. Ikizidi, chumvi yake huzuia mbegu kunywa maji. Mbegu inataka maji, joto na hewa.

Hewa ndiyo inayosahaulika. Mbegu ikishalowa huanza kupumua kwa kasi, na ikizungukwa na tope hukosa oksijeni na kuoza kabla ya kuchipua. Ndiyo maana udongo uleule unaokuza migomba vizuri shambani ukiutia kwenye kopo la kina cha sentimita 6 unageuka kinamasi. Ukitaka kuona sababu, chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe kabisa, ilaze juu ya kiganja na usubiri hadi iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa ule upande mwembamba. Itaanza kudondosha tena. Sponji ni ileile na matundu ni yaleyale. Kilichobadilika ni kimo. Maji yaliyonaswa kwenye matundu madogo hubaki yamenasa sehemu ya chini, na chombo kikiwa kifupi, hiyo sehemu ya chini ndiyo karibu chombo chote. Shambani udongo ni mrefu, maji yana pa kwenda. Kwenye kopo hayana, hata utoboe matundu mangapi.

Changarawe ya volkano inatatua tatizo hilo kwa sababu ina nafasi za aina mbili. Lava ilipopoa ikiwa imejaa mapovu ya gesi, mapovu hayo yalibaki kama vyumba vidogo ndani ya kila kijiwe, mfano wa mkate. Vyumba hivyo hushika maji. Mianya iliyo kati ya kijiwe na kijiwe ni mipana, kwa hiyo maji hupita na hewa huingia. Mzizi unapata vyote viwili ndani ya milimita chache. Nyepesi kuliko zote ni pumisi, lile jiwe la kusugulia visigino, ambalo likiwa kavu huelea. Ile nyeusi au nyekundu ni nzito zaidi na huzama, ila inafaa. Wekundu ni chuma kilichopata kutu tu. Pelaiti inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo nayo ni mawe ya volkano, yaliyochomwa kwa joto la karibu nyuzi 900 hadi yakafura kama bisi. Mtu wa Arusha anayenunua pelaiti kutoka nje huku amekalia volkano ana hela za kuchezea.

Ukikosa changarawe, saga matofali ya kuchoma. Ni mfinyanzi uliopikwa, una vitundu vya kutosha. Lakini loweka kipande ndani ya maji kwa saa 24 kwanza: kikilainika au kuyachafua maji, tofali halikuiva na litakurudisha kwenye tope. Mchanga laini wa mtoni haufai, kwa kuwa chembe zake hupangana na kuziba mianya. Wala usichote kwenye rundo la fundi lililokwisha kugusana na saruji, maana chokaa yake huunguza mizizi.

Kuchekecha ndiko kunakoamua mambo. Tumia nyavu mbili. Wa kwanza uwe na matundu ya milimita 5. Kinachobaki juu yake kirudishe njiani. Kilichopita kichekeche tena kwa waya wa mbu. Vumbi linalopita hapo litupe kwenye bustani, na kinachobaki juu ya waya ndicho chako. Kioshe kwenye ndoo, ukijaza nusu ndoo kila mara na kukoroga kwa mkono, hadi maji yatoke meupe. Mara tano si nyingi. Vumbi likiachwa hushuka taratibu kila unapomwagilia, na baada ya wiki mbili linakuwa limejenga sakafu ya tope chini ya kopo. Kisha loweka usiku kucha. Changarawe kavu ikiwekewa mbegu hunyonya unyevu kutoka pembeni mwa mbegu badala ya kuipa.

Kopo liwe na kina cha sentimita 6 hadi 8, na matundu sita au manane ya milimita 5. Jaza hadi ibaki sentimita 2 kufika ukingoni, kisha tandaza tabaka jembamba la chembe ndogo ulizozichagua, za milimita 1 hadi 2. Tabaka hilo si urembo: mbegu za kabichi, sukuma wiki na hasa mchicha hupenya kwenye mianya mikubwa na kuzama zisikoweza kutoka. Panga mbegu za nyanya sentimita 1 kutoka moja hadi nyingine, mistari ikiachana sentimita 3, halafu zifunike kwa milimita 5 hadi 10 za chembe ndogo. Gandamiza kidogo kwa kiganja.

Mwagilia kutoka chini. Weka kopo kwenye beseni lenye maji ya sentimita 2 kwa dakika 10 hadi 15, liinue, liache litiririke, lirudishe mahali pake. Ukimwaga kwa juu mbegu zinahama. Funika kwa mfuko wa plastiki angavu au gazeti hadi shingo ya kwanza itokeze, kisha ondoa siku hiyohiyo. Baada ya hapo usidanganywe na sura ya juu: changarawe hukauka juu ikapauka huku chini imelowa. Inua kopo upime uzito wake kwa mkono, au fukua kidogo kwa kidole.

Joto ndilo linalotenganisha Moshi na Arusha. Nyanya kwenye nyuzi 25 huchomoza kwa siku 6 hivi, kwenye nyuzi 15 kwa siku 14. Pilipili hoho ni mbaya zaidi: siku 8 kwenye nyuzi 25, na karibu siku 25 kwenye nyuzi 15. Kabichi na vitunguu havilalamiki sana. Moshi mjini, chini ya mita 1,000, kopo linaweza kukaa popote penye kivuli. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 au 13, kwa hiyo hoho zinahitaji jikoni, juu ya friji au karibu na jiko. Mbegu nyingi zinazolaumiwa kuwa zimeisha muda zilikuwa zinasubiri joto tu.

Zikishaota, juu ya friji hapafai tena. Siku mbili za giza zinatosha kuirefusha miche ikawa myembamba na kulala. Dirisha la mashariki ndilo la uhakika. La kaskazini hupata jua katikati ya mwaka na la kusini hupata mwishoni, kwa sababu tuko kusini kidogo tu ya ikweta na jua huhama upande. Bora zaidi ni barazani, penye mwanga mwingi na kivuli cha mchana.

Jani la tatu, lile lenye mikato, likianza kuonekana, akiba imekwisha na changarawe haina cha kutoa. Hapo anza mbolea ya maji, NPK 19:19:19 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), gramu 5 kwa lita 10 (kijiko cha chai kilichosawazishwa ni karibu na hapo), mara mbili kwa wiki, na mara moja kwa wiki maji matupu ya kusafisha chumvi. Chagua yenye virutubisho vidogo kama chuma na zinki. Usitumie urea: humu inageuka amonia inayochoma mizizi michanga.

Maji nayo yaangaliwe. Visima na mito mingi kuzunguka Mlima Meru ina magadi na floraidi, na floraidi ndiyo sababu ya meno ya kahawia katika eneo la Maji ya Chai na kwingineko. Magadi hupandisha alkali, na kwenye alkali chuma hakinyonyeki. Utaona majani mapya yamekuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, pengine na ukoko mweupe juu ya vijiwe. Kinga maji ya mvua. Kopo moja halimalizi hata ndoo. Njano ikianzia majani ya chini hiyo ni njaa, ongeza mbolea. Zambarau chini ya majani ya nyanya wakati wa baridi ni mche kushindwa kunyonya fosforasi, na kwa kawaida hupotea joto likirudi.

Mche wa nyanya ukitoka na ganda kichwani kama kofia, mbegu ilifukiwa juu mno au sehemu ya juu ilikauka. Ni msuguano wa vijiwe unaolivua ganda njiani. Weka tone la maji juu yake, subiri nusu saa, kisha livue kwa ukucha. Ukilivuta likiwa kavu linang'oka na majani.

Kinyausi, ule ugonjwa wa shingo kusinyaa usawa wa udongo na mche kuanguka, hupungua sana, maana changarawe iliyochimbwa kutoka kina kirefu haijabeba vimelea vya shamba. Lakini havijashindwa kuja kwa ndoo chafu au kopo lisilooshwa. Mche ulioanguka hauponi. Utoe na upunguze maji.

Hamishia kwenye vikopo vya udongo majani mawili ya kweli, yaani yanayofuata yale mawili ya mwanzo, yakikamilika. Chokonoa kwa kijiti kutoka chini, shika jani, kamwe si shina, na vijiwe vilivyong'ang'aniwa na mizizi viache viende navyo. Nyanya huwa tayari kwa shamba wiki 4 hadi 5 tangu kusia, hoho wiki 6 hadi 8, zikizoeshwa jua kidogo kidogo siku 7 za mwisho. Changarawe iliyobaki itoe mizizi, ioshe, imwagie maji yanayochemka na uianike hadi msimu ujao.