Setilaiti haijapiga picha sakafu ya bahari

Pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, mvuvi mmoja alinionyesha ramani kwenye simu: Bahari ya Hindi yenye milima na mabonde yake ya chini. "Setilaiti imeshapiga picha yote, kaka. Meli za utafiti za nini tena?"

Ile si picha. Mwanga hufifia majini. Ukipita mita 200 hivi ni giza karibu tupu (wavua dagaa na taa zao wanalielewa hili kuliko mimi). Mawimbi ya rada nayo hugonga uso wa maji na kurudi. Kinachopimwa na setilaiti ni kimo cha uso wa bahari. Mlima mkubwa uliozama huvuta maji kwa uzito wake, yakainuka kidogo juu yake, na kutokana na kibiongo hicho wataalamu hukadiria kilicho chini. Vilima vidogo hupotea kabisa.

Kupima hasa ni kazi ya meli, kwa sauti. Chombo kilicho chini ya meli hutoa mlio na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo hata Tanganyika letu, lenye kina cha mita 1,470 hivi, lingejibu baada ya sekunde mbili. Ila kasi hiyo hubadilika kwa joto, chumvi na kina. Ndiyo maana mabaharia hushusha vihisi na chupa za kutekea maji, tabaka kwa tabaka; wasipofanya hivyo, kina kinatoka cha uongo.

Hadi 2024, takriban robo tu ya sakafu ya bahari zote ilikuwa imepimwa hivyo. Sehemu kubwa ya ramani ya yule mvuvi ni makadirio yaliyopakwa rangi.