Ukimwalika msimulizi wa ngano, waalike na waitikiaji wake

Vijana wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, wakiandaa tamasha la ngano na kuniita niwasaidie, programu huja imeshaandikwa: msimulizi wa kwanza dakika kumi, wa pili dakika kumi, mapumziko, zawadi kwa mshindi. Jukwaa, mikro moja, viti vyote vinatazama mbele. Nafundisha fasihi simulizi, na nafurahi sana kuona watu wenye umri wa miaka ishirini na kitu wanataka kuwakutanisha wasimulizi wa Walikale, Masisi, Rutshuru na Kalehe, hasa sasa ambapo vita vimewatawanya wengi wao. Kwa sababu hiyo naandika hapa, ili tuzungumze kabla tamasha lijalo halijapangwa.

Kwetu ngano haitoki katika kinywa kimoja. Msimulizi anafungua, watu wanamjibu. Anasimulia kidogo, anaanzisha wimbo, watu wanaupokea. Akiruka kipande, mzee aliyekaa pembeni anamrudisha. Hata kumaliza kuna utaratibu wake: msimulizi wa Kinyarwanda hufunga kwa kuomba kwamba iishe ngano, asiishe yeye. Na ule wimbo katikati una kazi. Chukua ngano yoyote ya binti aliyechukuliwa na zimwi. Wimbo wake unarudi mara kadhaa, na kila unaporudi kuna neno moja limebadilika: zimwi liko mlimani, zimwi liko mtoni, zimwi liko mlangoni. Mtoto anayeitikia anaibeba hofu hiyo kwa sauti yake mwenyewe. Msimulizi naye, wakati watu wanaimba, anapumua, anakumbuka kipande kinachofuata, anatazama nyuso kujua kama arefushe au afupishe. Mpandishe jukwaani peke yake, umemnyang'anya nusu ya kumbukumbu yake.

Nilimwona mama mmoja wa Masisi, msimulizi hodari, akikabidhiwa mikro mbele ya ukumbi uliojaa. Aliishika, akatazama kushoto na kulia, akauliza, «Sasa nani atanitikia?» Watu walicheka wakidhani ndiyo ngano imeanza. Alikuwa anauliza kweli.

Mfano mkubwa kuliko yote uko jirani nasi, Walikale. Wanyanga wana masimulizi marefu ya mashujaa yanayoitwa karisi, na shujaa anayejulikana zaidi ni Mwindo, mtoto wa mtemi Shemwindo wa Tubondo. Baba alitangaza kwamba hataki mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa vilevile, tena akitembea na kusema. Baba akamrushia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anasafiri ndani ya ngoma ile akiimba, anafika kwa shangazi yake Iyangura, na mwishowe anamfuata baba yake mpaka kuzimu. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza She-Karisi (yaani bingwa wa karisi) Candi Rureke akiisimulia karisi hiyo kwa siku 12, na maandishi aliyoyatayarisha pamoja na Kahombo Mateene, msomi Mnyanga, yalichapishwa mwaka 1969.

Ukisoma jinsi kazi ile ilivyofanyika, unaona kundi zima likifanya kazi. Rureke anasimulia, anaimba, anacheza, anaigiza, anatikisa kibuyu chenye mbegu. Vijana wanagonga mti mkavu uliolazwa chini. Wengi wa namna hiyo ndio wanafunzi wa msimulizi, wanajifunza karisi kwa kuipigia mdundo. Wasikilizaji wanapokea nyimbo, wanapiga makofi, wanamtuza. Na jambo ambalo napenda kila mwandaaji alijue: Rureke mwenyewe alisema hajawahi kabla ya hapo kuisimulia yote kwa siku zinazofuatana. Kwa desturi, leo kinasimuliwa kipande hiki, siku nyingine kile. Kwa hiyo ufupi wenyewe haunitishi. Kipande cha Mwindo ndani ya ngoma kinatosha alasiri nzima ya watoto. Kinachonitisha ni kumkatia msimulizi dakika zake kwa kengele, wakati watu ndio kwanza wameushika wimbo.

Najua mfano unaotajwa mara nyingi: Jonesborough, mji mdogo wa Tennessee, Marekani, ambako tangu 1973 kuna tamasha la kitaifa la usimulizi kila Oktoba. Watu hujaa ndani ya mahema makubwa na kusikiliza mtu mmoja mmoja. Ni tamasha lenye heshima, na limewarudisha Wamarekani wengi kwenye usimulizi. Lakini wengi wa wasimulizi wake wanasimulia maisha yao wenyewe, na habari ya maisha ya mtu inabebwa na sauti moja bila shida. Ngano ya wimbo haibebwi hivyo. Tukiiga hema, tusiige na ukimya wake.

Suala la lugha huwagombanisha waandaaji kuliko fedha. Goma tunaelewana kwa Kiswahili, ila ngano zimekuja na Kinyanga, Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kihavu, Mashi. Ushauri wangu ni huu: simulia kwa Kiswahili chetu cha Goma, kile cha sokoni na nyumbani, na wimbo uuache katika lugha yake. Ndivyo wazazi wengi mjini wanavyofanya tayari. Kabla ya kuanza, waitikiaji wawafundishe watu wimbo, mara mbili tatu, bila karatasi. Watoto huushika upesi kuliko wakubwa, na Mnande mdogo akiimba wimbo wa Kihunde kwa furaha ya kweli, sihitaji kuwaeleza wakaaji wa mji huu uzito wake.

Mengine ni ya kupanga tu. Viti vikae mviringo, ikiwezekana ndani ya parsela, yaani kiwanja cha nyumba, au ua wa shule. Mikro mbili, moja ya msimulizi na moja ya waitikiaji, la sivyo vyombo vya sauti vitameza wimbo na kubakiza mtu mmoja anayepiga kelele. Ngano ni ya usiku, hilo nalijua, na wapo wazee watakaokataa kusimulia jua likiwaka. Kwa hali ya usalama ya hapa hatuwezi kuwaomba watu warudi nyumbani gizani. Anzeni alasiri, na mzee anayekataa muacheni. Msimbembeleze mbele za watu.

Kisha malipo. Ukimlipia mzee wa Walikale safari yake, lipa pia safari ya wawili watatu anaowachagua yeye mwenyewe, wale wanaozijua nyimbo zake. Bajeti itapanda, punguzeni idadi ya wasimulizi. Na mkirekodi, waulizeni kwanza kama wanakubali, na wapeni nakala. Andikeni majina yote: aliyesimulia, walioitikia, aliyepiga mdundo, na yule aliyemfundisha msimulizi ngano ile. Rureke tunamjua kwa sababu jina lake liliandikwa. Makusanyo mengi ya ngano za enzi ya ukoloni yalichapishwa na jina la mkusanyaji peke yake.