Mhadhiri yupo darasani, akili haipo: maswali na majibu

Mbona mhadhiri aliyependa kufundisha sasa anafundisha ili siku ipite?

Mara nyingi si uvivu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa (ICD-11) iliyoanza kutumika Januari 2022, linautaja uchovu wa kazi kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, akili kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona huna tija. Hapa tunazungumzia ile ya pili. Shirika haliihesabu hali hii kuwa ugonjwa, bali zao la msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa.

Nitaijuaje?

Slaidi bado zina tarehe ya 2016. Sura ya tatu ya tasnifu ya mwanafunzi imelala chini ya printa tangu kabla ya Pasaka, na mwenyewe akipiga simu haipokelewi. Kwenye kikao cha idara, mwalimu anakaa karibu na mlango. Halafu kuna ule utani wa "watoto wa siku hizi hawafundishiki". Ukiusikia kila siku kwa mtu yuleyule, usicheke tu. Anayebeza kazi aliyoipenda huenda anajikinga asiumie tena.

Kwa nini vyuoni?

Darasa la watu mia nne, mitihani ya kusahihisha kwa wiki mbili, na cheo kinachopanda zaidi kwa makala kuliko kwa ufundishaji. Pesa nazo zimo: wahadhiri wa Kenya waligoma 2017, 2018 na 2024 kwa ajili ya mishahara. Wale wa muda, wanaolipwa kwa kozi, wana hali ngumu zaidi.

Hii si sonona?

Zinafanana, na moja inaweza kuzaa nyingine. Ila aliyechoshwa na kazi bado hufurahia harusi ya mdogo wake. Sonona humfuata mtu hadi huko, ikamtoa hamu ya chakula, usingizi na watoto. Huzuni au kukosa hamu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, muone daktari. Mawazo ya kujidhuru yakija, nenda siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Basi niipende kazi zaidi?

Hapana. Jifunze kuiacha jioni. Sabine Sonnentag, mwanasaikolojia wa Ujerumani, amechunguza kwa miaka mingi jambo hilo, na wanaoweza kuiweka kazi kando baada ya saa za kazi huwa na uchovu mdogo. Kiongozi wa darasa akiandika WhatsApp saa tano usiku kuuliza matokeo, hajakosea kuuliza. Wewe ndiye usijibu hadi asubuhi. Akili iliyonyimwa ruhusa usiku huichukua yenyewe saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi.

Na mkuu wa idara?

Ampunguzie kozi moja muhula ujao. Semina ya kukabili msongo, huku mtu amebaki na kozi zilezile nne, ni kikao kingine tu cha kuhudhuria.