Je, wajua kwa nini mzimu hauharibu hadithi ya upelelezi?

Mwaka 1929 padri Mwingereza, Ronald Knox, aliandika amri kumi za hadithi za upelelezi. Ya pili inapiga marufuku mizimu na miujiza yote. Ana hoja: msomaji amekesha akichunguza funguo na madirisha, kumbe muuaji alipenya ukutani!

Mbona basi ipo mikusanyo ya hadithi fupi inayochanganya upelelezi na majini, roboti, hata vichekesho, na wasomaji hawalalamiki?

Kinachoudhi ni mzimu kuingizwa mwishoni bila taarifa. Ukitambulishwa mapema na kuwekewa mipaka, unakuwa sehemu ya ushahidi. Tuseme kisa kinatokea Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, mahali ambapo wenyeji bado hufanya matambiko. Mbuzi wa tambiko ametoweka pangoni usiku. Mwandishi ameshabuni kanuni yake tangu ukurasa wa kwanza: mizimu ya hadithi hii haivuki majivu. Asubuhi majivu yamezunguka mlango wote wa pango, na kwato za mbuzi zimepita juu yake kuelekea barabara ya Babati. Mzimu hauna kesi. Atafutwe mtu mwenye gari.

Isaac Asimov, mwandishi wa hadithi za kisayansi, alifanya jambo la namna hiyo katika riwaya yake The Caves of Steel ya mwaka 1954. Roboti zake haziruhusiwi kumdhuru binadamu, na mpelelezi anaitumia sheria hiyo kuchambua mauaji.

Mkusanyo una raha nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Ukisoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, jina linatisha lakini unamjua mpelelezi wake, Bwana Msa: atamtafuta binadamu aliyeua. Katika mkusanyo mseto hujui. Hadithi ya kwanza jini lilikuwa mwizi wa kuku aliyejifunika shuka. Ya pili huenda likawa jini kweli. Kwa hiyo kabla ya kumsaka mhalifu unaanza kuisaka hadithi yenyewe: hii ni ya aina gani?

Ufupi nao unasaidia. Kanuni moja ya majivu inabeba kurasa kumi na tano bila shida. Ukiivuta hadi kurasa mia tatu, msomaji atauliza kwa nini kijiji kizima hakijamwaga majivu milangoni.