Jino limevimba? Usisubiri uvimbe ushuke ndo uje

Malalamiko tunayopata siku hizi kwenye kitengo chetu cha kinywa na meno yanafanana sana, "nilikuja kung'oa jino tu, mkanilaza wodini mkanichana shingo". Naelewa, inatisha. Ila tuelewane.

Magego mawili ya mwisho ya chini, mizizi yake inashuka mpaka chini ya ule msuli unaobeba ulimi. Gego hilo likioza mpaka kwenye mizizi, usaha sio lazima utokee shavuni, unaweza kushuka zake chini ya kidevu na shingoni. Pande zote mbili zikijaa, ulimi unasukumwa juu na nyuma, hewa inakosa pa kupita. Daktari Mjerumani anaitwa Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na mpaka leo bado unaua. Mgonjwa wake ukimwona mara moja hutamsahau: kakaa kainamia mbele, mate yanadondokea kwenye kanga maana kumeza hawezi, ukimwambia alale anagoma. Ukimbonyeza chini ya kidevu, pagumu kama ubao.

Huyo hatuanzi na jino, tunaanza na pumzi. Mpira wa hewa ukishindikana kupita puani au mdomoni, tunatoboa koo. Dripu za antibayotiki zinaanza, sukari inapimwa (wapo wanaogundua siku hiyohiyo kuwa wana kisukari), kisha tunachana chini ya taya na kuacha vimpira vya kutolea uchafu. Kuna wakati hatupati usaha, ni maji ya kahawia yenye harufu kali tu, na ndugu wanakuja juu eti mmemkata bure. Sio bure jamani, tumepunguza mgandamizo ili apumue.

Na jino tunang'oa. Hii ya "jino lililovimba haling'olewi" sijui nani aliianzisha. Shida iliyopo ni taya kukaza na ganzi kutoshika vizuri penye usaha, ndo maana wengine tunawapeleka chumba cha upasuaji wakalazwa usingizi. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena, sasa hizo kapsuli tano za antibayotiki ulizonunua dukani zitafikaje? Aliyekuuzia bila cheti cha daktari katenda kosa, na anayeng'oa meno mtaani bila kusajiliwa hapa Tanzania anavunja Sheria ya Wanataaluma wa Tiba, Meno na Afya Shirikishi ya mwaka 2017, anaweza kufikishwa mahakamani. Wewe ukiwa na risiti au ukikumbuka jina la duka, tuambie.

Utaratibu sasa. Ukiona mdomo haufunguki, kumeza kunauma, sauti imebadilika au uvimbe umevuka kidevu, nenda moja kwa moja dharura, sio kliniki ya kesho asubuhi, na usikae nyumbani ukingoja barua ya rufaa. Beba dawa zote ulizokunywa, hata za miti shamba, hatukugombezi (sana). Fomu ya ridhaa inasainiwa na mgonjwa mwenyewe kama anajitambua, sio shemeji, sio mjomba mpaka atoke mkoani. Akiwa hajitambui na hewa inakatika hatusubiri saini ya mtu. Ukitaka kuondoka kabla hujaruhusiwa kuna fomu nyingine, utaisaini mbele ya shahidi na itakaa kwenye faili.

Vile vimpira vya shingoni vinatolewa wodini na sisi. Kuna mmoja alivivuta mwenyewe, anasema vilikuwa vinamchafulia shati, tukarudi naye chumba cha upasuaji upya.